Mkuyu Ndani ya Bakuli

Jioni ile nilikwenda kuomba moto tu.

Lori letu lilikuwa limezama kwenye tope, kwenye mteremko wa kushuka kutoka Ibaba, milimani Ileje, magunia ya maharage juu na magurudumu ya nyuma hayaonekani. Mume wangu Athuman na utingo wake walikuwa wanachimba kwa jembe la kuazima, wakitukana kwa zamu. Mvua ilikuwa imeacha muda si mrefu, na ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni. Sisi watu wa Pangani hatuna mazoea na ukungu. Kwetu ukiona kitu cheupe kimefunika njia, ujue jirani anachoma takataka. Huu wa Ileje ulikuwa na baridi, ulikuwa na harufu ya udongo uliofukuliwa, na ulikuja moja kwa moja pale tulipokuwa.

Mgongoni nilikuwa nimembeba Tabu, binti yangu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea. Homa ilimwanzia njiani mchana. Tulipokwama hapo mwili wake ulikuwa unaniunguza mgongo kupitia kanga.

Niseme mapema ili unielewe. Kabla ya Tabu nilikuwa nimekwisha kuzika watoto. Wote tuliwazika Tunduma, mji tuliohamia, wote kwa homa ya namna hiyo hiyo, inayoanza mchana na kumaliza kazi yake alfajiri. Ndiyo maana huyu tukamwita Tabu. Wapo wanaosema jina baya humfanya mtoto asitamanike na kifo. Mimi sikuamini sana, lakini mtu aliyezika hachoki kujaribu.

"Baba Tabu," nilimwambia mume wangu, "mtoto anaungua."

Hakuinua kichwa. "Panda huko juu kwenye nyumba, mama Tabu. Omba moto, tuchemshe maji umpanguse. Gari likitoka, moja kwa moja hospitali."

Sote wawili tuliliona gari. Halikuwa la kutoka leo.

Nikapanda. Njia ilikuwa nyembamba, na kila nilipopiga hatua kandambili zilibaki kwenye tope, mpaka nikazivua na kuzishika mkononi. Nyumba sikuziona. Nilichokifuata ni sauti.

Tk...

Kimya.

Tk... tk...

Kama mtu anayekata kucha, mahali fulani ndani ya ule weupe. Nikaita hodi. Sauti ikanyamaza. Nikaita tena, na ukungu ukasogea kidogo, nikajikuta nimesimama katikati ya uwanja wenye vichanja pande zote mbili, kama vile vichanja vya kuanikia vyombo. Juu yake hapakuwa na vyombo vya kula. Palikuwa na mabakuli ya udongo, mapana, yasiyo na kina, na katika kila bakuli umeota mti.

Usidhani nasema miche. Mche naujua. Hii ilikuwa miti mizee. Mashina yamepinda, magome yamepasuka, mizizi imekumbatia mawe, matawi yametanda kama ya mti uliokaliwa na ndege miaka na miaka. Yote ilikuwa mikuyu, na mmoja ulikuwa mti mzima, wenye matunda yake yamejazana shinani, na haukufika kiwiko changu. Macho yaliniambia uko mbali, ng'ambo ya bonde. Nikanyoosha mkono, nikaugusa.

Ndipo nikakumbuka. Madereva wa Tunduma walikuwa na kitongoji wanachokiita Japani, huku milimani, na siku zote nilidhani ni utani wao, maana watu wale hawaishiwi majina. Kuna kona waliipa jina la Talaka. Nilikuwa nimefika Japani.

Kwenye kichanja cha mwisho alikuwa amechuchumaa mtoto wa kike, wa umri wa kung'oka meno ya kwanza. Alikuwa na wembe mkononi. Aliuzungusha mti wake polepole, akautazama, akakata kijani kidogo kilichochomoza.

Tk.

"Mwanangu," nilimwambia, "mama yuko wapi?"

Kabla hajajibu akatokea mwanamume nyuma ya nyumba, kijana mrefu mwenye ndevu zake, amebeba mzigo wa kuni begani. Akautua chini. Akajifuta mikono kwenye suruali. Kisha akainama mbele ya yule mtoto, kwa adabu, kama mtu anayefanya hivyo kila siku.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Lwitiko," yule mtoto akajibu. "Umechelewa. Mgeni ana mtoto mgonjwa, kamwite mama."

Nilitaka kucheka. Nilidhani wananitania, kwamba ni mchezo wao wa jioni. Lakini yule kijana aliondoka bila kutabasamu, na yule mtoto akageuza uso kunitazama. Shavu lake lilikuwa la mtoto. Macho hayakuwa ya mtoto. Yalikuwa macho ya mwanamke aliyekwisha kuzoea jambo asilolipenda. Nikarudi nyuma hatua, na nikamshika Tabu miguu kwa nguvu pale mgongoni.

Mama yao aliitwa Felista. Alikuja ananyoosha mikono yote miwili, kitambaa kichwani, rozari shingoni, mwanamke wa kawaida kabisa, na kwa kweli nilifarijika kumwona. "Ndaga, karibu, karibu ndani, baridi hii itammaliza," akasema, salamu ya kwao na ya kwangu pamoja, akanivuta jikoni kwake. Akamshusha Tabu yeye mwenyewe, akamweka mapajani pangu, akaweka kiganja kwenye paji lake. Alikaa nacho pale muda mrefu. Hakwenda kuchota makaa, wala hakutenga maji.

"Huyu hafiki asubuhi," akasema taratibu.

"Naomba moto tu, dada," nikasema. "Nina mume barabarani."

"Kitovu chake mmekizika wapi?"

Kwetu pwani kitovu cha mtoto kikidondoka huzikwa chini ya mnazi wa ukoo. Sisi tulioolewa na madereva tukaishia bara hukitunza mpaka siku ya safari ya kwenda nyumbani, na hatukiachi ndani ya nyumba ya kupanga, maana mwenye nia mbaya akikipata amempata mtoto. Mimi nilitembea nacho, kimefungwa kwenye pindo la kanga. Athuman mwenyewe hakujua. Yule mama hakuwa ananitazama usoni. Alikuwa analitazama pindo.

"Vya wale wengine vilifika kwetu," nikamjibu, sijui kwa nini nilimjibu. "Mama yangu alivizika kwa mkono wake. Havikusaidia kitu."

Felista akatikisa kichwa kama mtu anayejua. Akaanza kunisimulia, kwa sauti ya chini, huku nje ile sauti imeanza tena. Tk... tk...

Mkwe wake, mzee Mbonile, alichukuliwa askari wa keya, jeshi la Waingereza, wakati wa vita vya Wazungu, akapelekwa Bama, ng'ambo ya bahari, kupigana na Wajapani. Huko aliwekwa kulinda mateka. Mateka mmoja, Mjapani, aliung'oa mti mdogo msituni akaupanda kwenye kopo la nyama, na kila siku aliukata na kuukunja, kwa upole mwingi, na mzee Mbonile akawa anamtazama. Kwa ishara na maneno machache yule Mjapani akamweleza kwamba kwao kuna mtaa mzima wenye kazi hiyo. Kila nyumba ina miti kwenye mabakuli. Mingine ni mizee kuliko babu zao, inarithiwa kama ng'ombe, na haifi, kwa sababu hairuhusiwi kukua.

"Yule Mjapani alikuwa anatunza mti tu," Felista akasema. "Alikuwa anakumbuka kwao. Ubaya tuliuongeza sisi. Baba mkwe aliporudi vitani alimkuta mwanangu wa kwanza yuko kama huyu wako. Akachukua ya Mjapani, akachanganya na ya kwetu."

"Ya kwenu ni ipi?"

Akamfunika Tabu miguu kwa kanga.

"Na huyo mtoto wako wa kwanza..."

"Jenista. Umemwona hapo nje. Lwitiko amezaliwa nyuma yake. Yeye hakuugua, hakuhitaji mti."

Mlango ulikuwa wazi. Jenista alikuwa amesimama kizingitini, wembe bado mkononi, ukungu unapita miguuni pake kuingia jikoni. "Mwambie na mengine, mama," akasema.

"Mtoto wake ataishi. Mengine atayajua."

"Mwambie."

Felista akainama kuchochea moto. Na wakati huohuo Tabu akageuza macho, nikaona weupe mtupu. Akavuta pumzi. Akaacha. Nikasubiri. Akavuta tena, ndogo, kama mtu anayenyata. Akaacha...

Nikafungua pindo.

Wanaosema wao wangekataa, nawaomba wanionyeshe makaburi ya watoto wao kwanza. Nilikitoa kitovu, nikakiweka kwenye kiganja cha yule mama. Alileta bakuli jipya lenye mche wa mkuyu. Akafukua kati ya mizizi kwa kidole, akakitia, akafukia, akabonyeza udongo. Akasema maneno kwa lugha yake. Kisha akachukua wembe kwa Jenista, akakata ncha ya mche.

Tk.

Tabu akashtuka mapajani pangu, mwili mzima, kama mtu aliyechomwa sindano. Akalia. Palipokatwa pakatoka utomvu mweupe, na jiko lote likajaa harufu ninayoijua kuliko harufu zote duniani. Maziwa ya kunyonyesha. Nikajitazama kifuani. Matiti yangu yalikuwa yamekauka tangu mwezi uliopita. Blauzi ilikuwa imelowa.

Mtoto akanyonya. Homa ilikuwa imekwisha.

Felista akanipa masharti, akiwa hanitazami. Kila chipukizi litakalotoka likatwe kabla halijafungua jani. Mvua za kwanza zikianza, mti utolewe kwenye bakuli na mizizi ipunguzwe. Usipandwe ardhini. Asikabidhiwe mtu mwingine. "Mpaka lini?" nikauliza, na Jenista pale mlangoni akacheka. Kilikuwa kicheko cha mwanamke mzima. Nimekaa na kicheko kile masikioni mpaka leo.

Nilishuka barabarani na bakuli mikononi. Athuman akaniuliza moto uko wapi, nikamwambia amguse mtoto. Akamgusa. Akakaa chini pale pale kwenye tope, akalia kwa furaha kama mtoto mdogo, na hakuuliza ule mti ni wa nini.

Tunduma tulikuwa na nyumba ya kupanga karibu na mpakani, na bakuli nililiweka uani, pembeni mwa ukuta, pasipopita kuku. Reli ilikuwa inajengwa, mji umejaa wageni, kila mtu na mambo yake, na kwa muda hakuna aliyeniuliza chochote. Mimi nilikuwa na furaha. Mwanangu anakula, anacheka, homa haimjui. Wenzake wakiugua surua yeye anacheza katikati yao. Kila asubuhi niliuzungusha mti, nikitafuta kijani kipya, nikakata, na ndani Tabu alishtuka usingizini. Nilijiambia ni ndoto.

Mvua za kwanza zilipokuja nikautoa mti kwenye bakuli. Mizizi ilikuwa imejizungusha, myeupe, milaini. Nikaikata kama nilivyoagizwa. Ndani nikasikia kishindo, nikakimbia. Tabu alikuwa ameanguka sakafuni, miguu imelegea. Hakutembea tena mpaka tulipomfundisha upya, kama mtoto anayeanza. Na kila mwaka ikawa hivyo. Mvua zikianza, mwanangu anasahau kutembea.

Kukua hakukua. Gauni alilovaa Idi ile ndilo alilovaa Idi iliyofuata. Majirani wakaanza. "Mwanakombo, huyu mtoto vipi?" Nikawajibu kwamba kwetu tu wafupi, bibi yake alikuwa hivyohivyo. Athuman alilielewa siku aliyorudi safari na viatu alivyomnunulia, vikubwa kidogo, vya kukulia. Vilikaa chini ya kitanda. Kila aliporudi alivijaribu kwenye miguu ya mtoto, na kila mara vilimpwaya palepale. Siku moja akavishika mkononi, akanitazama, akaenda uani akautazama mti. Akarudi akaketi.

"Kesho tunaurudisha," akasema. "Walioufunga watatufungulia."

Nilikubali. Nilimtaka mwanangu mzima, na nilimtaka mkubwa, na sikuona kwa nini nisiombe vyote viwili.

Ulikuwa mwaka wa operesheni, watu wanahamishwa milimani kupelekwa vijiji vipya vya kando ya barabara. Hatukufikiri habari hiyo ingetuhusu. Tukapanda Ibaba, bakuli mapajani pangu, Tabu katikati yetu. Tulipofika ilikuwa magharibi, na ukungu ulikuwa pale pale nilipouacha.

Japani haikuwapo.

Nyumba zilikuwa zimeezuliwa, kuta zimesimama peke yake. Majani yameota jikoni kwa Felista. Vichanja vimevunjika. Na pale vilipokuwa, kwa mistari miwili, ilisimama mikuyu. Mikubwa. Mikuyu ambayo watu watatu wakishikana mikono hawaizungushi. Shinani pa kila mmoja vilikuwa vipande vya bakuli, vimemezwa na mizizi. Mvua chache nyuma nilikuwa nimegusa mmoja wa miti hiyo, na haukufika kiwiko changu.

Hapakuwa na ndege. Hapakuwa na upepo. Kulikuwa na harufu ya maziwa, nzito, ya kuchacha kidogo. Na kulikuwa na sauti.

Kri...

Kri... kri...

Kama kitanda cha kamba mtu anapogeuka.

"Baba Tabu, hiyo ni nini?"

Athuman alikuwa ameweka kiganja kwenye shina. Akakiondoa haraka, akakifuta kwenye shati. "Inakua," akasema kwa kunong'ona. "Nimeisikia inakua. Twende."

Lwitiko tulimpata kwenye kijiji kipya, anakandika ukuta wa nyumba yake. Ndevu zilikuwa zimetoka mvi, kijana yule. Alinitambua kabla sijasema neno. Alimtazama Tabu, akatazama bakuli, akatuvuta pembeni watu wasisikie.

"Lori lilikataa vyungu," akatuambia. "Walisema watu, mbegu na sufuria. Mama aliwapigia magoti. Wakasema mnahamia kwenye shule na bomba la maji, miti ya maua ya nini? Tukasema tutairudia kwa miguu. Mvua ikatutangulia. Mizizi ikapasua mabakuli, ikaingia ardhini."

"Halafu?" Athuman akauliza.

"Halafu wakaanza kukua, baba. Wote waliokuwa na miti."

"Si ndiyo heri?"

Lwitiko akajaribu kucheka. "Na sisi tulisema hivyo. Usiku dada alilia mifupa, mchana tukamwona amerefuka. Akafika umri wake. Mama akamshonea gauni, akalivaa kanisani, na nakuapia baba, hakuna siku tuliyofurahi kama ile. Tukadhani imekwisha." Alikuwa anasugua udongo mikononi, hautoki. "Haikukoma hapo. Kupalilia mahindi alikuwa dada yangu. Kuyavuna alikuwa bibi kizee. Ngozi ikafika mwisho wake... mfupa unaendelea."

"Sasa yuko wapi?"

Akainua macho kutazama mlimani, kwenye ule weupe.

"Miti si bado inakua?" akasema.

Nyuma yake, ndani ya nyumba isiyo na mlango, nilimwona Felista. Ameketi sakafuni, ananyonga kitu kati ya vidole, kidole gumba na cha shahada, tena na tena, kama mtu anayekata chipukizi lisiloonekana. Nilimwita. Hakugeuka. Lwitiko akatushika mikono. "Wenu bado umo ndani ya bakuli. Msiuache. Namna ya kuufungua haipo, mama alitafuta mpaka akawa hivyo."

Kurudi Tunduma, Athuman aliendesha kama aliyebeba mayai. Kila shimo alisimama, akatazama bakuli, ndipo akapita. Tangu hapo akachukua safari za Sumbawanga, akawa anarudi mara mojamoja, mwisho akawa harudi. Hakunipa talaka. Simlaumu, na wakati mwingine namlaumu sana.

Sasa ni miaka mingi. Sabuni hakuna, sukari hakuna, na wembe ndio umeadimika kuliko vyote. Nauvuka mpaka kwenda Nakonde kuutafuta, nikiuficha kwenye nywele wakati wa kurudi, wakati wanawake wenzangu wanaficha mafuta ya kupikia. Mti umekuwa mzuri, Mungu anisamehe. Umepinda vizuri, umeanza kuzaa vitunda. Watu husimama kuutazama, halafu wanamwona Tabu mlangoni, wanaondoka upesi. Wanasema nimefuga msukule. Tumehamishwa nyumba kwa ajili hiyo.

Kwa umbo bado ni wa kubebwa. Kwa maneno ni mtu mzima mwenzangu. Husoma magazeti ya zamani yaliyofungiwa vitumbua. Jioni huketi kizingitini, anawatazama wasichana waliozaliwa mwaka mmoja naye wakipita na ndoo, wamesuka, wanacheka na wavulana. Wenzake wamevunja ungo. Aliniuliza maana yake, nikamweleza, akashukuru. Usiku ule sikulala. Baadaye alinitaka nimsimulie habari za Jenista, yote, nisifiche. Nikamsimulia. Aliponiuliza kama lile gauni la kanisani lilikuwa la rangi gani, nilimwambia sijui, sikuuliza.

"Ungeuliza, mama," akasema.

Jana alifungua komeo la mlango.

Nilikuwa naosha vyombo, nikamsikia anatoka, na sikulitilia maanani mpaka leo asubuhi. Komeo lile hunifika kifuani. Miaka yote ananiita nimfungulie. Nikaenda uani. Nikautazama mti. Upande huu safi, hakuna chipukizi, nimekata mwenyewe, ingawa siku hizi nauzungusha nusu tu. Nikaushika ukingo wa bakuli, nikaugeuza upande unaotazama ukuta.

Palikuwa na tawi.

Refu. Laini. Majani yamefunguka yote, makubwa, ya kijani kibichi. Sikuwa nimepitiwa. Macho yangu bado mazima. Lilikuwa limekunjwa taratibu na kufungwa kwa uzi uliochomolewa kwenye kanga yangu, likalazwa nyuma ya shina nisilione. Kila asubuhi kuna mkono ulioligeuza bakuli kabla sijaamka.

"Usilikate, mama."

Alikuwa nyuma yangu. Sikumsikia anakuja.

"Utakufa, Tabu," nikasema. "Si kufa tu. Nimekusimulia..."

"Umenisimulia. Alivaa gauni."

"Wiki ngapi? Mwanangu, wiki ngapi alilivaa?"

"Alilivaa," akasema. "Mimi umenifanya nini, mama? Kila mwaka unanifundisha kutembea."

Tangu adhuhuri nimeketi chini mbele ya bakuli, wembe mkononi. Nimeusogeza mpaka kwenye tawi, nikaurudisha. Nimeusogeza tena. Nikikata nasikia atakavyoshtuka. Nisipokata nasikia kri, kri, kutoka kule mlimani. Hakuna mtu wa kumuuliza. Walioufunga mti wameondoka, na baba yake Tabu hayupo. Jua limeshuka nyuma ya ukuta. Tabu amesimama nyuma yangu, hajasogea hata hatua. Hanisukumi, anasubiri tu.

Nilipoketi, pumzi yake ilikuwa inanigusa begani.

Sasa inanigusa shingoni.